Raia waliokimbilia mpakani: wanahitaji nini, na kwa nini msaada huchelewa

Vita vikifika katika vijiji vya mpakani, majirani wawili wanaweza kukimbia usiku mmoja, kwa njia moja, na kupambazukiwa wakiwa watu wa aina mbili mbele ya sheria. Aliyevuka mto na kuingia nchi ya pili ni mkimbizi. Aliyeishiwa nguvu akalala kabla ya kuvuka ni mkimbizi wa ndani. Kiu yao ni moja, na watoto wao wanaharisha vilevile. Tofauti iko katika nani anawajibika kuwafikia, kwa idhini ya serikali ipi, na baada ya siku ngapi.

Aliyevuka analindwa na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Ibara ya 33 inakataza kumrudisha mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Ibara ya 31 inakataza kumwadhibu kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari na kujitokeza kwa mamlaka bila kukawia. Barani Afrika upo pia mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969, uliopanua maana ya mkimbizi: si lazima mtu athibitishe kwamba anaandamwa yeye binafsi, inatosha kwamba amekimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni au matukio yaliyovuruga vibaya utulivu wa umma katika nchi yake, yote au sehemu yake. Kwa kazi ya mpakani kipengele hicho kina thamani kubwa sana. Watu 5,000 wakivuka kwa siku moja, hakuna ofisi inayoweza kumhoji kila mmoja kwa saa mbili. Serikali hulitambua kundi zima kwa mara moja, kisha maofisa hutumia muda wao kwa wale wachache wenye mashaka, hasa wapiganaji, ambao hawahesabiwi kuwa wakimbizi mpaka ithibitike kwamba wameacha silaha kwa dhati.

Asiyevuka hana mkataba wa dunia nzima ulioandikwa kwa ajili yake. Zipo Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, ambazo hazina nguvu ya mkataba. Upo Mkataba wa Kampala, uliopitishwa Oktoba 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, unaozibana nchi za Afrika zilizouridhia. Ipo pia Mikataba ya Geneva, inayomlinda kama inavyomlinda raia yeyote vitani. Vyote hivyo vinaiweka serikali yake mwenyewe mbele kama yenye jukumu la kwanza, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu serikali hiyo inaweza kuwa ndiyo inayopigana, au ikawa haishiki tena eneo lile. Waliokwama upande wa ndani mara nyingi huwa na hali mbaya kuliko waliovuka, ilhali kamera na magari ya misaada hukusanyika upande wa pili.

Mahali pa kutua

Kabla ya chakula, kabla ya dawa, uamuzi unaobeba mengine yote ni wapi watu hawa wataketi. Wanaokimbia husimama pale wanapoacha kusikia milio ya risasi, na mara nyingi ni hatua chache tu kutoka mpakani. Wana sababu zao, na ni sababu za watu wenye akili timamu: wanamsubiri ndugu aliyebaki nyuma, wanataka kuchungulia mashamba, wana jamaa ng'ambo wanaosema lugha yao. Lakini kombora linaloelekezwa upande mmoja huweza kuangukia upande wa pili, na wenye silaha huvuka usiku kuchukua chakula, kuandikisha vijana kwa nguvu au kulipiza kisasi. Ndiyo maana mkataba wa OAU, katika ibara yake ya pili, unazitaka nchi kuwapa wakimbizi makazi yaliyo umbali wa kuridhisha kutoka mpaka wa nchi yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, hutumia kipimo cha kilomita 50, au mwendo wa siku moja.

Kilichotokea Goma mwaka 1994 kinaonyesha gharama ya kukosa nafasi ya kuchagua. Katikati ya Julai, kwa muda wa siku chache, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia mji huo wa Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) uliobanana na mpaka. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano: vyoo havikuchimbika, wala makaburi. Watu walichota maji ya Ziwa Kivu bila kutibiwa. Kipindupindu kililipuka ndani ya wiki moja, kuhara damu kukafuata, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Kwa wiki kadhaa vifo vilikuwa kati ya 20 na 35 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Hali huitwa ya dharura kiwango hicho kikifika kifo kimoja. Wengi wa waliokufa hawakuuawa na silaha. Waliuawa na msongamano na maji machafu, wakiwa tayari wamevuka.

Lilikuwepo na jambo la pili. Askari wa jeshi la Rwanda lililoshindwa vitani, pamoja na wanamgambo, walivuka pamoja na raia, wakatawala kambi, wakashika ugawaji wa chakula na kuwazuia watu kurudi. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1996 kambi zenyewe zilishambuliwa na kuvunjwa kwa nguvu. Kuwatenga wapiganaji na raia ni kazi ya siku za kwanza, palepale kivukoni, na ni ya vyombo vya dola vya nchi inayopokea. Wafanyakazi wa misaada hawana uwezo wala mamlaka ya kumpokonya mtu bunduki. Isipofanyika wiki ya kwanza, baada ya miezi sita huwa ngumu kupita kiasi.

Eneo linalofaa lina mteremko mdogo wa kati ya asilimia 1 na 5. Tambarare kabisa hutuama maji ya mvua, na mteremko mkali humomonyoka. Mita za mraba 45 kwa kila mtu ndizo zinazohesabiwa, zikiwa zimejumuisha barabara, shule, zahanati na nafasi za kuzuia moto. Watu 10,000 basi wanahitaji hekta 45. Katikati ya nyumba huachwa angalau mita 2, na kila mita 300 za makazi hufuatwa na ukanda mtupu wa mita 30. Ukanda huo ndio wa kwanza kuvamiwa watu wakiongezeka, na moto ukizuka siku ya upepo, safu nzima huteketea kabla ndoo ya kwanza haijafika.

Maji na vyoo, kwa hesabu

Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinataka lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Kwa watu 10,000 hizo ni lita 150,000 kila siku, yaani safari 15 za lori la lita 10,000. Barabara ikiwa kavu, malori matatu yanatosha, kila moja likienda mara tano. Mvua ikinyesha na kila lori likaweza safari mbili tu, watu wanabaki na lita 6. Kwa hiyo maji ya malori ni ya kuvukia wiki za mwanzo huku visima vikichimbwa, na anayepanga mwaka mzima kwa malori amepanga upungufu.

Bomba moja linalotoa lita 7.5 kwa dakika, likifunguliwa saa 8, hutoa lita 3,600. Ukigawa kwa 15 unapata watu 240, na ndiyo sababu kiwango ni watu 250 kwa bomba. Pampu ya mkono huhesabiwa watu 500. Mtu asitembee zaidi ya mita 500 wala kupanga foleni zaidi ya nusu saa. Hesabu hizi zinaharibiwa na kitu kimoja kinachosahaulika sana: vyombo. Familia ya watu watano inahitaji lita 75. Aliyekimbia na sufuria moja hawezi kubeba lita 75 hata tenki likiwa limejaa. Madumu mawili ya lita 10 hadi 20 kwa kila familia, yenye mdomo mwembamba na kifuniko, yatolewe siku ileile bomba linapofunguliwa. Ndoo ya mdomo mpana huingizwa mikono na vikombe, na maji yaliyotoka bombani yakiwa salama yanachafuka ndani ya hema.

Klorini inayobaki kwenye maji iwe miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ipimwe baada ya nusu saa tangu kutiwa dawa, na ipimwe tena ndani ya madumu nyumbani. Kipimo cha bombani peke yake hudanganya. Maji yenye tope hula klorini yote kabla haijaua vijidudu, hivyo kwanza hutulizwa kwa shabu. Klorini ikizidi sana watu hulalamikia harufu na kurudi mtoni, na hapo kazi yote imepotea.

Vyoo huanza kwa kimoja kwa watu 50 katika siku za mwanzo, kisha kimoja kwa watu 20. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na sakafu yake iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwa kila choo kimoja cha wanaume vinahitajika vitatu vya wanawake. Kufuli ya ndani na taa si mapambo. Choo kisicho na komeo hakiendwi usiku na wanawake, na anayejizuia kunywa maji ili asitoke gizani huugua kwa njia nyingine. Wanawake waulizwe mahali pa kuvijenga kabla shimo halijachimbwa. Hapo mwanzo kuwauliza hugharimu mazungumzo ya mchana mmoja. Baadaye hugharimu kuvihamisha.

Turubai la kawaida lina mita 4 kwa 5, eneo la mita za mraba 20. Kiwango cha nafasi ya kulala ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa hiyo familia ya watano inahitaji 17.5, na inaonekana turubai moja linatosha. Halitoshi. Likishakunjwa kuwa paa lenye mteremko, sakafu hupungua, na hakuna kilichobaki kwa kuta. Bila fito, kamba na turubai la pili, watu hukata miti yote ya jirani ndani ya wiki chache, na ugomvi na wenyeji huanzia hapo.

Chakula, na kuni za kukipikia

Mgao hupangwa kutoa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa kawaida ni gramu 400 za nafaka, 60 za jamii ya kunde, 25 za mafuta yaliyoongezwa vitamini, 50 za unga wa mchanganyiko wenye virutubisho, sukari 15 na chumvi 5. Jumla ni gramu 555, na kwa watu 10,000 hiyo ni tani 5 na nusu kila siku, zaidi ya tani 166 kwa mwezi. Chakula kinachonunuliwa ng'ambo huchukua miezi kufika. Ahadi ya mfadhili iliyotolewa leo haijazi ghala la mwezi huu.

Kunde kavu zinachemka saa mbili au tatu. Anayegawa kunde bila nishati anawatuma wanawake na wasichana porini kutafuta kuni, na katika maeneo ya mpakani porini ndiko wenye silaha walipo. Ripoti za ubakaji wakati wa kutafuta kuni zimejirudia katika vita vingi kiasi kwamba hakuna tena udhuru wa kutolifikiria jambo hili mapema. Majiko yanayookoa kuni, kunde zilizokobolewa na doria za mchana hupunguza hatari, ingawa haziiondoi. Pesa taslimu badala ya chakula hufaa pale tu soko linapofanya kazi. Mpaka ukifungwa na bidhaa zikaacha kuingia, kugawa pesa ni kupandisha bei kwa wenyeji na wageni pamoja.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko wa mkono juu ya kiwiko kwa utepe. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Kati ya 115 na 125 ni wa wastani. Kuvimba miguu yote miwili ni hatari bila kujali utepe unasema nini. Mwenye utapiamlo mkali lakini ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine hutibiwa nyumbani kwa chakula-tiba cha pakiti. Aliyevimba sana, aliyekataa kula au mwenye homa kali hulazwa. Na kuna zawadi moja isiyofaa kupokelewa kiholela: maziwa ya unga ya watoto wachanga. Yakikorogwa kwa maji machafu ndani ya chupa isiyochemshwa yanaua, na mama aliyeanza kuyatumia hupungukiwa maziwa yake. Anayehitaji msaada mkubwa hapa ni mama, apate chakula, maji na mahali penye faragha pa kunyonyeshea. Kuna watoto waliopoteza mama na wanaoyahitaji kweli. Hao wapewe mmoja mmoja, chini ya uangalizi.

Magonjwa

Chanjo ya surua haisubiri mgonjwa wa kwanza. Wote wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 15 huchanjwa mapema iwezekanavyo, pamoja na vitamini A kwa walio chini ya miaka mitano, na lengo ni asilimia 95. Waliochanjwa kabla ya miezi 9 hurudia baadaye.

Kipindupindu hutibika kwa urahisi unaoshangaza, mradi tiba iko karibu. Kikali kisichotibiwa huua hadi nusu ya wanaougua. Kikitibiwa vizuri, chini ya mmoja kati ya 100. Wengi hupona kwa maji ya chumvi na sukari ya ORS peke yake. Aliyeishiwa maji kabisa hupewa kwa mshipa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito: kwa mwenye zaidi ya mwaka mmoja, 30 katika nusu saa ya kwanza na 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kosa linaloua ni kuweka kituo kimoja kikubwa mbali na makazi. Mgonjwa anayepoteza lita moja kwa saa hafiki. Vituo vidogo vya ORS vitawanywe ndani ya makazi, na kituo kikubwa kipokee wale ambao kunywa hakutoshi.

Uzazi hausimami kwa sababu ya vita. Katika watu 10,000, kwa makadirio yanayotumika penye takwimu chache, hutarajiwa wajawazito kujifungua karibu 400 kwa mwaka, yaani 33 kwa mwezi, na kama watano kati yao watapata matatizo yanayohitaji hospitali. Gari la kuwapeleka, lenye mafuta na ruhusa ya kupita vizuizi usiku, lipatikane wiki ya kwanza. Aliyebakwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72 na apate kinga ya mimba ndani ya saa 120. Kumdai fomu ya polisi kabla ya kumtibu ni kumpotezea saa hizo. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kufubaza VVU, za kifua kikuu au insulini: aulizwe mapokezi, kwa siri, kabla dozi haijakatika, maana wengi waliacha makaratasi yao nyuma.

Majina, watoto na vibali viwili

Kuandikisha watu ndiko kunakofungua mlango wa chakula, shule na ulinzi, na ndiko kunakokosewa mara nyingi. Kadi ikiandikwa jina la mwanamume peke yake, mke anayeachwa au kupigwa hana pa kushika. Kila mtu mzima aandikwe kwa jina lake. Majina yasikabidhiwe kwa pande zinazopigana, hata kwa kisingizio cha usalama: orodha ya waliokimbia kijiji fulani ni silaha.

Mtoto aliyefika peke yake asihamishwe kabla hajaandikiwa jina, jina la kijiji, nani alikuwa naye na alimwona wapi mara ya mwisho. Wafanyakazi wenye huruma huwapakia watoto na kuwapeleka kwenye makao ya mbali siku hiyohiyo, na wazazi wanaofika kesho yake hawawapati. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na vyama vya kitaifa vya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu huendesha utafutaji wa jamaa pande zote za mpaka, na kwa waliotengana karibuni, kazi ya siku tatu za kwanza huokoa miaka.

Kwa waliobaki upande wa ndani, mara nyingi ghala la karibu liko nchi jirani. Lori linahitaji kibali cha nchi linakotoka, kibali cha nchi linakoingia, na ahadi ya kila kundi linaloshika barabara katikati. Sheria inazitaka pande zinazopigana kuruhusu misaada isiyobagua ipite, lakini idhini ya serikali huendelea kuhitajika na huweza kucheleweshwa wiki kwa wiki. Kwa Syria, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 2165 Julai 2014, likaruhusu misaada kuvuka kwa vituo vinne bila kusubiri idhini ya serikali ya Damascus. Vituo vilipunguzwa hadi kimoja, Bab al-Hawa, mwaka 2020, na idhini hiyo ikaisha Julai 2023. Kila ilipokaribia kumalizika muda wake, mahospitali ya kaskazini-magharibi yalilazimika kupanga dawa zao kwa kufuata kura ya Baraza hilo huko New York.

Wengi hawafiki kambini kabisa. Huhifadhiwa na ndugu au watu wasiowajua, nyumba ya watu sita ikawa ya watu 15, na mwenyeji anaanza kula mbegu alizotunza za msimu ujao. Hawa hawaonekani kwenye picha za angani wala kwenye orodha ya mgao. Wanapatikana kwa kuuliza shule imeongeza wanafunzi wangapi, zahanati inaona wagonjwa wangapi wapya na kisima kinakauka saa ngapi. Msaada wao uende kwa kaya nzima, mwenyeji na mgeni pamoja, na kisima kipya kichimbwe mahali ambapo wote wawili wanafika.

Mapigano yakipoa, watu huanza kwenda na kurudi: baba huvuka kutazama paa, hulala siku mbili, hurejea na habari. Mamlaka nyingine huuona mwendo huo kuwa dalili kwamba hatari imekwisha na kufuta kadi zao. Ni kosa. Ziara hizo ndizo zinazomwezesha mtu kuamua kurudi kwa hiari yake, akijua kama mabomu ya kutegwa ardhini yameondolewa, nani sasa anakaa nyumbani kwake, na kama kisima bado kinatoa maji. Kadi ya mgao ya waliobaki kambini iendelee kufanya kazi wakati baba yuko ng'ambo, na aliyesaini fomu ya kurejea akakuta mapigano yameanza upya apokelewe tena bila kuanzia mwisho wa foleni.